Waya wa gia ulionitoa Lushoto hadi Tanga

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 hivi, na sehemu kubwa ya hizo ni kona. Basi linapoacha joto la Mombo na kuanza kupanda kufuata bonde la mto, abiria wa kawaida huanza kusinzia, na wageni huanza kushika viti. Ukifika Soni, vijana wanakimbilia madirishani na plamu, karoti na njegere, na hewa imeshabadilika. Juni iliyopita nilipanda mlima huo nikiwa na koti moja jepesi la Dar es Salaam, nikajuta kabla hata sijaona maporomoko ya Soni.

Nilikuwa likizo. Siku kumi za kula ndizi za mama, kulala mapema na kutofungua kompyuta. Nyumbani kwetu ni upande wa Irente, juu ya mji wa Lushoto, kwenye njia inayoelekea ile miamba ambako watalii husimama kuangalia Mazinde na nyika ya Wamasai iliyotandazwa chini kama mkeka. Ukitoka kwetu kwenda mjini unateremka. Ukirudi, unapanda. Maisha yote ya familia yetu yamepangwa kwa mujibu wa mteremko huo: mizigo mizito inanunuliwa siku ya gari, na mizito kiasi inasubiri mtu mwenye nguvu.

Kitu cha kwanza nilichokiona nilipoingia uani ni baiskeli ya baba ikiwa imetundikwa ukutani, kwenye msumari mkubwa, chini ya upenu. Gurudumu la mbele lilikuwa na utando wa buibui.

Baba ni mwalimu mstaafu. Alipopata kiinua mgongo alifanya mambo mawili ambayo mama aliyapinga: alinunua ng'ombe wa pili, na alinunua baiskeli ya milimani, ya mtumba, yenye gia 21. Ng'ombe alikufa. Baiskeli ikawa dawa. Baba ana kisukari, aina ya pili, mwaka wa sita sasa, na daktari wa kliniki alimwambia maneno ambayo mimi mwenyewe nimeyaandika gazetini mara nyingi kiasi cha kuyachoka: mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, misuli ikifanya kazi inatumia sukari iliyo kwenye damu, na si lazima ukimbie. Baba hakupenda kutembea bila sababu. "Mtu anayetembea tu barabarani ataonekana amechanganyikiwa," alisema. Lakini mtu mwenye baiskeli anakwenda mahali. Basi kila asubuhi aliteremka mjini, akanunua gazeti, akaongea na wazee wenzake, akapanda kurudi kwa gia nyepesi, polepole, huku wanafunzi aliowafundisha zamani wakimsalimia kutoka mashambani.

"Mbona baiskeli iko juu?" nilimuuliza mama jikoni.

"Muulize mwenyewe. Mimi akiniambia habari za gia sielewi."

Nilimuuliza baba baada ya chakula. Akasema imeharibika. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mvua za masika zilipoanza. Hiyo ni miezi mitatu. Nikaomba kuona kadi yake ya kliniki, akaitoa kwenye droo kama mwanafunzi anayetoa ripoti mbaya. Kabla ya masika sukari yake ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 7.1. Mara ya mwisho ilikuwa 11.3. Dawa ni zilezile, na mama anaapa kwamba ugali haujaongezeka.

Sitaki kudanganya msomaji kwamba baiskeli peke yake ndiyo ilikuwa ikishikilia sukari ya baba. Kuna umri, kuna mawazo, kuna vikombe vya chai ambavyo mama havioni. Lakini nilipomuuliza kwa nini hakutengeneza, nilipata jibu ambalo sikulitegemea. Alikuwa ameshatengeneza. Mara tatu.

Mara ya kwanza gia zilianza kuruka. Anabonyeza kwenda gia nyepesi, cheni haiendi, halafu katikati ya mlima inakwenda yenyewe na pedeli inapiga hewani. Fundi mmoja akamwambia friwili imekwisha, ikabadilishwa. Gia zikaendelea kuruka. Akaambiwa basi ni cheni, ikabadilishwa cheni. Gia zikaruka. Mara ya tatu fundi akavuta nyaya, akabadilisha hiki na kile, akamwambia, "Mwalimu, baiskeli za gia hizi ndivyo zilivyo, weka gia moja uzoee." Baba akaweka gia moja, nzito, akapanda nayo wiki mbili, magoti yakamuuma, akaitundika. Hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu kutumia hela ya nne kwenye chombo ambacho mama alikikataa tangu siku ya kwanza.

Usiku ule nilitoka na tochi ya simu nikaiangalia. Mimi si fundi. Ila nilipokuwa chuoni nilikuwa na baiskeli, na umaskini wa mwanafunzi ni shule nzuri ya ufundi. Nikauona waya wa gia ya nyuma pale unapoingia kwenye swichi ya usukani: nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na kusimama kama nywele. Na kule chini, karibu na pedeli ya kulia, ncha ya waya wa gia ya mbele ilikuwa imefumuka, haina hata kofia, inachoma kama kalamu.

Hapo nikakumbuka kitu. Nikarudi ndani nikamwambia baba anyanyue suruali. Kwenye mguu wa kulia, juu kidogo ya kifundo, palikuwa na mchubuko wa urefu wa kidole, umekauka pembeni na bado mwekundu katikati.

"Hicho ni kitu kidogo," alisema.

"Cha lini?"

"Siku niliyoitundika."

Miezi, basi, siyo siku. Wenye wagonjwa wa kisukari nyumbani wanajua kwa nini nilinyamaza. Sukari ikiwa juu kidonda kinachelewa kupona, na miguu ikianza kupoteza hisia mtu anaweza asijue hata kwamba ameumia. Nimekaa kwenye wodi nikiandika habari za watu waliokatwa mguu, na wengi walianza na kitu kidogo: kiatu kilichobana, msumari, jiwe. Sijawahi kuandika habari ya mguu ulioanza na waya wa baiskeli, na sikutaka kuanza na wa baba yangu. Asubuhi tulikwenda kituo cha afya, kidonda kikasafishwa na kufungwa, tukapewa tarehe ya kurudi.

Kutoka hapo nikaingia madukani kutafuta waya. Maduka matatu ya spea za baiskeli, yote mazuri kwa baiskeli za kawaida: tyubu, spoki, pedeli, mipira ya breki, nyaya za breki zimening'inia kama tambi. Nilipouliza waya wa gia, muuzaji mmoja alinipa wa breki.

"Huu ni wa breki, kaka."

"Dada yangu, waya ni waya."

Niliujaribu pale pale kwenye swichi niliyokuja nayo mkobani. Kichwa chake hakikuingia. Akaniambia kwa ukarimu kabisa kwamba ana tupa, tunaweza kukipunguza. Nikamshukuru. Alikuwa na haraka, na mimi sikuwa na hoja zaidi ya kwamba kitu hakiingii.

Kesho yake alfajiri nikapanda basi la Tanga.

Kwa wasiojua, kama kuna mji Tanzania ambako mtu anaweza kwenda kutafuta kipande cha baiskeli bila kuonekana kituko, ni Tanga. Sisi wa milimani tunapenda kusema watu wa Tanga ni wavivu kwa sababu mji wao ni tambarare, lakini ukweli ni kwamba wanakanyaga pedeli kuliko sisi. Basi lilishuka Mombo, tukapita Korogwe, tukakata Segera, tukapita Hale, mkonge ukiwa umejipanga kwa mistari hadi macho yanachoka. Muheza wakauza machungwa dirishani. Nilivua koti Korogwe na nilipofika Tanga nilitamani kuvua na viatu.

Nilikuwa nimetoa waya wa gia ya nyuma wote pamoja na kava lake, yaani lile ganda la plastiki linalouficha, nikauviringisha kwenye mfuko wa plastiki. Kazi yangu imenizoeza kuona watu wakibeba sampuli. Hii ilikuwa yangu.

Ngamiani, mitaa ina namba badala ya majina. Barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unahesabu hadi ufike. Na katika kila kona kuna baiskeli: mama aliyevaa baibui na mtoto nyuma, kijana mwenye kreti za mikate, mzee na tenga la samaki, wanafunzi wawili juu ya moja. Nilielekezwa kwa fundi mmoja aliyekaa chini ya mwarobaini, kofia ya kufuma kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Mbele yake palikuwa na karai la maji la kutafutia pancha na kisanduku cha mbao kilichojaa kila kitu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu kiti. Umetoka safari, unywe kahawa kwanza."

Kiti kilikuwa kreti la soda. Kahawa ikaja na kashata. Tulizungumza hali za nyumbani, mvua za Lushoto, bei ya viazi. Ndipo akasema, "Haya, nionyeshe mgonjwa wako." Nikampa mfuko.

Aliutoa waya, akaupitisha kati ya vidole viwili taratibu, kuanzia kichwani, akafika kwenye nyuzi zilizokatika akasimama. "Huu umekwisha. Unapinda hapa kila siku mara mia, lazima ukatikie hapa." Halafu akachukua kava. Hakuangalia waya tena. Aliligeuza akaangalia ncha yake, pale lilipokatwa, akacheka kidogo.

"Nani kaweka kava hili?"

"Fundi wa kule kwetu."

"Hili la breki."

Sikuelewa. Akafungua kisanduku akatoa vipande viwili vya kava, vyote vyeusi, kwa macho yangu vyote ni kitu kimoja. Akanipa miwani yake. Kipande cha kwanza, kwenye ncha, kilikuwa na chuma bapa kimoja kilichozungushwa kama springi. Kipande cha pili kilikuwa na nyaya nyembamba nyingi zilizolala kwa urefu, zimezunguka tundu la katikati kama njiti za kiberiti zilizofungwa pamoja. Cha springi ni cha breki, na ni kinene kidogo, milimita tano. Cha njiti ni cha gia, milimita nne.

Akanionyesha kwa vidole. Kava la springi ukilibana kwa urefu, linabonyea kidogo. Ukilikunja, vivyo hivyo. Kwenye breki haina shida, unavuta kwa nguvu na gurudumu linasimama. Lakini gia za siku hizi zinakwenda kwa hatua. Kila unapobonyeza swichi na kusikia "tik", waya unavutwa takriban milimita tatu tu, na cheni inahamia jino la pili. Kava likimeza milimita moja katika hizo tatu, cheni inabaki njiani, haijafika kule wala haijabaki huku. Ukigonga jiwe inaamua yenyewe. Kava la njiti halibonyei, kwa hiyo swichi ikitoa milimita tatu, tatu zinafika.

"Kwa hiyo friwili haikuwa mbovu?"

"Mimi sikuiona. Lakini friwili mpya na cheni mpya na bado inaruka? Hapo ungeanza na waya. Waya ndio rahisi."

Nilihesabu moyoni hela za baba.

Akaanza kunichagulia. Alitoa nyaya tatu kwenye makaratasi yake akaziweka juu ya kitambaa. Kwanza kichwa: waya wa gia una kichwa kidogo kama punje, kipipa kifupi cha milimita nne hivi, wakati wa breki ya baiskeli ya milimani una kichwa kikubwa kama kipande cha penseli. Ukikuta mtu anakiweka tupa kichwa, ondoka. Halafu unene: wa gia ni milimita 1.1 au 1.2, wa breki unakaribia 1.5 au 1.6. Halafu urefu: wa nyuma unahitaji karibu mita mbili, na ni afadhali uzidi, kwa kuwa waya mrefu unakatwa na mfupi hauongezwi.

Mmoja aliuondoa bila maelezo. Nilipomuuliza akanipitishia kidole: ulikuwa na vumbi jeupe, zinki imeanza kuchanua. "Hewa ya bahari. Umekaa dukani umeshazeeka." Wa pili ulikuwa wa kawaida, umepakwa zinki, bei ndogo. Wa tatu ulikuwa wa chuma cha pua, laini, unateleza mkononi. "Huko kwenu kuna ukungu na mvua. Huyu wa zinki atakufaa, lakini mwakani utarudi. Huyu hashiki kutu." Nikauliza bei. Tofauti ilikuwa chini ya nauli ya daladala kwenda Raskazone na kurudi. Nikachukua wa chuma cha pua, viwili, wa nyuma na wa mbele.

Kava akapima kwa kufuata lile bovu, akaongeza vidole viwili. Hakulikata kwa plaizi ya kawaida. Alikuwa na mkasi wa kukatia waya, mkali, akaminya mara moja. Halafu akachukua ncha ya spoki aliyoichonga, akazibua tundu la plastiki lililobanwa ndani, akavisha kila ncha kikofia chake. Mimi nikatoa grisi niliyokuwa nimenunua Lushoto, nikidhani nimejiandaa. Akairudisha mkobani mwangu kwa upole. Kava la siku hizi lina plastiki laini ndani, akasema, ukilijaza grisi unakusanya vumbi, na vumbi na grisi ni msasa.

Nilikuwa naandika kwenye daftari langu kama nipo kwenye mkutano wa wizara. Ndipo aliponyamaza, akashika tena lile kava la breki lililotoka kwenye gia ya baba, akaliangalia.

"Mwanangu, hili ni kuukuu. Lilikuwa kwenye breki kabla ya kuja kwenye gia."

"Inawezekana."

"Fundi hatupi kitu. Kalitoa kwenye breki kaliweka kwenye gia. Sasa lile la gia lililotoka, kaliweka wapi?"

Ilinichukua muda. Kava la gia, lile la njiti, linashikiliwa na plastiki tu. Gia inavutwa kwa kidole gumba, haina nguvu. Breki inavutwa kwa mkono mzima wa mtu anayeteremka mlima na kuogopa. Ukiweka la gia kwenye breki, akasema, litafanya kazi siku ya kwanza na ya pili. Siku utakapoibana kweli, njiti zitatoka pembeni na mkono wa breki utafika kwenye usukani bila kukamata kitu.

Nikampigia mama. Nikamwambia aende ukutani aangalie kava la breki ya mbele, ni nene au jembamba kuliko la nyuma.

"Baiskeli haipo," akasema. "Baba yako ameitoa asubuhi. Anasema kwa kuwa hamna waya haipandi, lakini kuteremka haihitaji gia. Amekwenda nayo mjini kuchukua dawa, atakokota kurudi."

Msomaji anayeifahamu njia ya Irente anaijua ile miteremko. Nilimpigia baba, simu ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Baba huweka simu mfuko wa ndani wa koti na huisikia anapoivua koti tu. Nikampigia kijana wa jirani anayeendesha bodaboda, nikamweleza kwa maneno ambayo sina uhakika yalikuwa na mpangilio. Akasema, "Nakwenda dada, usiwe na wasiwasi," kauli ambayo haijawahi kumwondolea mtu wasiwasi.

Mzee hakusema kitu. Alikuwa akipanga spoki zake. Baadaye akaniletea kikombe kingine cha kahawa, nikakishika bila kunywa. Niliwaza kwamba usiku ule nilikuwa nimesimama mbele ya baiskeli na tochi, nikaangalia gia peke yake kwa sababu gia ndiyo niliyoambiwa inaumwa. Tunawalaumu waganga kwa jambo hilohilo.

Ilipita nusu saa na zaidi. Simu ikaita, namba ya yule kijana, na sauti ilikuwa ya baba.

"Umemtuma mtoto wa watu anifukuze na pikipiki?"

"Uko wapi?"

"Niko chini huku, natembea. Breki ya mbele imelegea ghafla pale kwenye kona ya pili. Nikakamata ya nyuma, nikaweka na mguu chini. Nimeshuka, nakokota. Wewe umejuaje?"

Nikamuuliza ni mguu gani aliouweka chini. Kwa bahati ulikuwa wa kushoto, na alikuwa na viatu vya kufunika.

Mzee aliuliza kwa macho, nikaitikia. Akachukua mkasi wake, akakata kava la breki, la springi, vipande viwili vipya, akaongeza na nyaya mbili za breki, akaviweka kwenye mfuko bila kuuliza kama nitavinunua. Vyote kwa pamoja, nyaya nne, makava na vikofia, vilinigharimu Sh19,000. Friwili na cheni ambazo hazikuwa na makosa zilimgharimu baba zaidi ya mara tatu ya hapo.

Nililala Tanga kwa shangazi, sikuwa na nguvu ya kupanda basi tena. Jioni tulitembea hadi ufukweni, watu wakipita na baiskeli zao bila haraka, na nilijikuta naangalia kava za breki za kila mtu.

Nyumbani nilikuta baba ameegesha baiskeli barazani, siyo ukutani. Kava la breki ya mbele lilikuwa limepasuka ubavuni, nyaya zake zimechomoza nje kama mswaki uliochakaa. Kama lingepasuka kona moja baadaye, pale ambapo upande mmoja ni bonde, nisingekuwa naandika ukurasa huu.

Tulifunga nyaya Jumapili. Baba alitaka kufanya yeye, mimi nikasoma daftari, kwa hiyo alikuwa mwanafunzi na hakupenda. Swichi inawekwa kwanza kwenye gia ndogo ya nyuma ili waya ulegee. Waya unaingizwa kwenye tundu la swichi, kichwa kinakaa, unapitishwa kwenye kava bila kuukunja, unafika kwenye ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni, unavutwa hadi usiwe na ulegevu, unakazwa kwa skrubu. Halafu tukainua gurudumu la nyuma, mama akazungusha pedeli kwa mkono huku akisema hataki kuchafuka, na baba akawa anabonyeza. Cheni ilipochelewa kupanda, akakizungusha kile kinobu cha plastiki kilichopo waya unapoingilia, robo mzunguko kwa wakati mmoja, akisikiliza. Tik, jino. Tik, jino. Hadi saba, na kurudi. Mwalimu wa hesabu alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Nyaya za breki tulizifunga kwa uangalifu zaidi na bila utani. Nikamwambia azibane kwa nguvu zake zote akiwa amesimama, mara kumi, kabla ya kupanda. Alibana ishirini. Mwisho tukavisha kofia kwenye ncha ya kila waya, na ile ya karibu na pedeli tukaikunja ndani, mbali na mguu.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amempa masharti na nilikuwepo akiyatoa: asianze na mlima mzima, aanze na dakika 20 sehemu tambarare, apime sukari kabla ya kutoka, awe na pipi au sukari mfukoni kama itashuka, avae soksi na viatu, na kila jioni aangalie nyayo zake, au mama amwangalizie. La mwisho lilimkera. Mama alilipenda sana.

Siku yangu ya mwisho tulikwenda Irente, yeye kwenye baiskeli, mimi kwa miguu nyuma yake, na tofauti ya mwendo haikuwa kubwa. Palipokuwa pakali alishuka akakokota bila kuona haya. Palipolainika akapanda tena, nikaisikia cheni ikihama, kitu kidogo, kama mtu anayegeuza ukurasa. Tulifika kwenye mwamba kabla ya ukungu. Mazinde ilikuwa chini, reli ya zamani, mashamba ya mkonge, gari moja likitimua vumbi. Alikunywa maji, akaniuliza kama yule mzee wa Tanga anauza na kengele.

Kidonda kimefunga. Kipimo cha kliniki kitarudiwa mwezi ujao na sitabashiri. Jumamosi iliyopita alinipigia kusema gia ya tatu imeanza kulia kidogo. Nikamwambia waya mpya hulegea kidogo siku za mwanzo, azungushe kinobu robo mzunguko.

"Nimeshazungusha," akasema. "Nilikuwa nakwambia tu."